Barua ya wazi kwa wakubwa wa Tanga: hii kazi yangu mnaiitaje?

Waheshimiwa, shikamooni, na wale niliowazidi umri basi habari za majukumu.

Nawaandikia nyie mlioko kwenye leseni, mlioko kwenye afya, mlioko kwenye ulinzi na usalama, na nyie wa utalii pia ambao kila mwaka mnatuambia Tanga inafunguka. Sitaji ofisi ya mtu wala jina la mtu, sijaja kugombana, kesho saa tatu asubuhi nafungua kama kawaida. Mimi nafanya masaji. Nina chumba kimoja huku Ngamiani, vitanda viwili na pazia katikati, mwaka wa saba huu. Shida zangu ziko nyingi kama za kila mtu, ila ya kuwaandikia nyie ni moja, kwenye makaratasi yenu hii kazi haina jina.

Msicheke kwanza. Kiswahili chenyewe kina majina mpaka yamezidi. Bibi yangu kule Pangani alikuwa anakanda wazazi, mtu akijifungua anafuatwa yeye hata usiku, maji ya moto, kitambaa, mama anakandwa mpaka arobaini inatimia. Shangazi yangu alikuwa anasinga maharusi, liwa na karafuu, ukipita nje ya nyumba unajua humu ndani kuna mwali. Na mpirani kuna mchua misuli, huyu nyote mnamjua, timu yetu ya Coastal Union ikicheza pale uwanja wa Mkwakwani mchezaji akibanwa na msuli yule bwana anakimbia na begi lake anamnyoosha mguu, jukwaa zima linampigia makofi, viongozi mmekaa hapo hapo mbele mnapiga makofi na nyie. Sasa mimi nakanda, nasinga, nachua, vyote vitatu nimesomea, miezi tisa Unguja halafu miaka minne nafanya kwenye hoteli za huko kabla sijarudi nyumbani. Ila ukiviweka pamoja ukaviita masaji, ambalo ndo neno wateja wanalolijua, mtu anakuangalia juu mpaka chini kama umemtukana mamake.

Bango ndo limeniliza kuliko vyote. Nilipofungua niliandika MASAJI na namba ya simu, basi. Wiki ya pili nikaanza kupigiwa saa sita usiku na wanaume ambao hawaulizi mgongo wala shingo, wanauliza "mko wangapi hapo" na "unafanya mpaka mwisho?". Mwenye nyumba akaniita pembeni, binti yangu, hapa pana watoto. Nikalifuta. Nikaandika TIBA YA MISULI NA VIUNGO, nikajiona sasa nimeheshimika. Haukuisha mwezi akaja mkaguzi, mpole kabisa wala sina kinyongo nae, akaniuliza wewe daktari? Hapana. Umesomea fiziotherapia, ile tiba ya viungo ya hospitalini? Hapana. Mganga wa tiba asili, umesajiliwa na baraza? Hapana baba, mimi sina dawa na wala sipigi ramli, nina mafuta ya nazi. Akasema basi toa neno tiba. Na haki alikuwa nayo, neno tiba lina wenyewe, nikalitoa siku ile ile. Nikaenda kwenye leseni, dada wa kwenye kompyuta akatafuta weee, mwisho akasema andika saluni tu dada, saluni inapita. Nikaandika saluni. Mwaka uliofuata akaja mwingine kukagua saluni, anatafuta draya, anatafuta sinki la kuoshea nywele, anatazama huku na huku ananiuliza hivi wewe hapa unasuka nini? Nikamwambia nasuka migongo. Hakucheka.

Sa hivi bango langu lina jina la bibi na chini yake "Karibuni", basi. Kuna mzee kila akipita asubuhi anaulizia mahamri.

Haya yote ningeyameza, mfanyabiashara gani hajazungushwa na makaratasi. Nisiloweza kulimeza ni ile Alhamisi.

Nina mteja mzee, mstaafu wa reli, bega lake la kulia lilikuwa halipandi, hata kujimwagia maji kichwani kwa kopo ilikuwa shida. Ameanza kwa daktari, akapigwa picha, mfupa hauna neno, akaambiwa mazoezi na kukandwa, ndo akaja kwangu mara mbili kwa wiki. Anakuja na mkewe. Mama huyo anakaa kwenye kiti kile pale, hatua mbili kutoka kitandani, anasuka ukili wake na kunipa habari za mtaa mzima. Siku hiyo jua halijazama, mzee amekaa, kikoi kiunoni, kifua wazi, bega lina mafuta, mimi nimemshika mkono naupandisha taratibu anahesabu na mimi moja, mbili, tatu. Wakaingia watu sita na simu zimeshawashwa, taa usoni. "Hapo hapo, msijifunike!" Mzee wa miaka sabini na kitu anaambiwa asijifunike. Mkewe akasimama na ukili wake mkononi, mmoja akamuuliza na wewe mama uko kwenye foleni?

Tulipandishwa gari moja na mabinti wawili waliotolewa sehemu nyingine. Mzee na mkewe waliachiwa njiani baada ya yule mama kupiga kelele mpaka watu wa bodaboda wakajaa. Mimi nilikaa kituo cha polisi mpaka saa nne usiku, wakaitazama leseni yangu, "saluni yenye vitanda?", wakanihubiria kidogo, wakaniambia nenda. Hakuna kosa lililoandikwa. Hakuna aliyesema pole. Na kabla sijafika nyumbani video ilikuwa imeshafika, kwenye magrupu mawili ya mtaani niliyomo na mengine nisiyoyajua, maandishi juu "madanguro yafichuliwa". Mzee yule anaswali safu ya mbele. Mwanangu yuko darasa la sita, mnajua watoto.

Najua kwanini mnafanya zile operesheni za kusaka madanguro na sitaki mtu anisome kwamba natetea uchafu. Vyumba vya namna hiyo vipo, vimeandikwa masaji na ndani hakuna hata chupa ya mafuta. Vinaniumiza mimi kabla havijawaumiza nyie maana simu za saa sita usiku zinatoka kwenye sifa zao. Wale mabinti wawili niliokaa nao kituoni, mmoja alinambia aliletwa kutoka bara kaahidiwa kazi ya saluni, alipofika akakuta hakuna saluni, nauli ya kurudi hana. Huyo alihitaji mtu wa ustawi wa jamii akae nae chini amsikilize. Alichopata ni kumulikwa na simu. Lakini hayo ni yangu tu.

Mkitaka kutofautisha chumba cha kazi na kile kingine si lazima mvizie jioni. Njooni saa nne asubuhi mtu mmoja tu na kalamu. Mlango wangu hauna komeo kwa ndani, nilimwambia fundi aling'oe. Bei ziko ukutani, mgongo na shingo nusu saa elfu kumi na mbili, mwili mzima saa nzima elfu ishirini na tano. Nafunga saa kumi na mbili jioni. Mashuka kila mteja na lake, muulizeni mama anayenifulia, analalamika kila siku. Na kuna daftari. Mtu hajalala kitandani kwangu kabla sijamuuliza ana presha, ana sukari, ana mimba, alishafanyiwa upasuaji lini, anatumia dawa gani hasa za kulainisha damu, ana homa. Mwenye homa simgusi, arudi akipona. Mjamzito wa miezi ya mwisho simlazi chali, namlaza ubavu wa kushoto na mito. Ukiingia mahali pa masaji hujaulizwa hata swali moja unaambiwa tu vua, basi hapo ama hawajui kazi ama wanauza kitu kingine, na hao wote wawili wanafaa kutembelewa.

Maana kutojua kazi nako kunaua, hili hamlizungumzi kabisa. Mwaka juzi aliletwa mama mmoja, kajifungua kwa upasuaji hata mwezi hajamaliza, mguu wa kushoto umevimba peke yake, kigimbi kimekaza, ukigusa pamoto kuliko mguu mwingine. Mama mkwe kaja na mafuta yake kwenye kikopo, anataka achuliwe kwa nguvu "damu itembee". Nikakataa. Akanisema sana, wasichana wa siku hizi mnajidai. Nikamwambia mama huyu achukuliwe bajaji sa hivi aende hospitali asitembezwe. Ilikuwa damu imeganda kwenye mshipa mkubwa wa ndani. Ile ukiichua inaweza ikang'oka kipande ikapanda mpaka kwenye mapafu na mtu akakata roho mikononi mwako huku unamwambia vumilia kidogo. Alilazwa, akachomwa sindano, akapewa vidonge vya miezi. Siku hiyo sikupata hata mia. Baadae aliniletea mtoto nimbebe na mkungu wa ndizi.

Sasa jiulizeni, ile leseni yangu ya saluni iliuliza kama najua hilo? Mtu yeyote leo akiwa na kitanda na ada anaweza kuipata, akawachua watu wa aina hiyo hiyo, na hakuna atakayemuuliza anajua nini. Mnatukagua kama tuna aibu, hamtukagui kama tuna akili.

Na huku kwetu nako tujisafishe. Wapo wenzangu wanamwambia mteja masaji inatoa sumu mwilini, inatibu kisukari, inayeyusha kitambi. Uongo mtupu. Sumu mwilini inashughulikiwa na ini na figo, mimi sijawahi kukamua sumu kwenye mgongo wa mtu. Ninachofanya ni kulegeza msuli uliokaza, maumivu yapungue, mtu ajigeuze na apate usingizi, basi, na kwa kuli wa bandarini aliyebeba mizigo wiki nzima au fundi cherehani aliyeinama tangu asubuhi hicho siyo kidogo. Mbona tusiishie hapo? Tukikosa mtu wa kutupima kila mtu anajitungia mtaala wake.

Nilipokuwa chuoni mwalimu wetu alitusimulia kisa ambacho nakikumbuka kila nikipita pale kituoni. London mwaka 1894 walikuwa na balaa hili hili letu, vyumba vya kuchua vimejaa mjini na vingine ni madanguro, mpaka jarida kubwa la madaktari wa Uingereza likaandika kuwaonya watu. Wakunga na manesi waliokuwa wanachua wagonjwa kihalali wakaanza kuona haya kusema wanafanya kazi gani. Wanne kati yao wakaanzisha chama mwaka huo huo cha wachuaji waliosomea. Wakaweka mtihani. Wakaweka masharti makali, makali kweli, huchui bila maelekezo ya daktari, wanaume hupokei ovyo, hujitangazi kwenye magazeti ya kawaida, huuzi dawa. Aliyefaulu anatambulika, asiyefaulu anajulikana. 1920 wakapata hati ya mfalme. Na chama kile ndo leo chama cha mafiziotherapia wa Uingereza, hawa hawa ambao mimi sikuruhusiwa kujiita. Yaani taaluma mnayoiheshimu hospitalini ilitokea kwenye aibu kama yangu, na ilitoka kwa karatasi ya mtihani.

Thailand nao, kuchua kwao, Nuad Thai, UNESCO walikuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019. Bibi yangu aliyekanda nusu ya Pangani hana hata picha ukutani.

Basi nasemaje. Nasema tupimeni. Sheria ya leseni za biashara ni ya mwaka 1972, wakati huo hapa mjini nani alikuwa anafungua chumba cha masaji, siwalaumu kwa hilo. Sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya 2002 inasajili waganga, mimi siyo mganga. Ila VETA, nyie wa mafunzo ya ufundi stadi, mnayo tayari njia. Fundi muashi aliyefundishwa na mjomba wake, hajakaa darasani hata siku moja, leo anapimwa ujuzi wake na anapewa cheti, urasimishaji ujuzi mnauita wenyewe. Seremala anapimwa, fundi magari anapimwa, mpishi anapimwa. Mkanda watu mnamuachaje? Waleteni mafiziotherapia wa hospitali wakae na VETA, wapo wengi wamesomeshwa pale hospitali ya KCMC Moshi, wanajua nini mtu wa kawaida anaweza kugusa na nini hapaswi kugusa. Wanipe mgongo wa mtu hapo mbele yao na maswali ya mdomo. Nikifeli nitafunga mwenyewe, nitauza kweli hayo mahamri.

Wakishanipima niandikeni jina. Lolote. Mkanda misuli, mchuaji, mtaalamu wa masaji, kaeni na watu wa Kiswahili mchague mimi sina makuu. Iwe inaandikika kwenye fomu na kwenye bango bila mtu kunipigia usiku na bila mtu wa afya kunifuta. Halafu ukaguzi uende na hilo jina, mkaguzi aje na karatasi yenye vitu vya kutazama, mashuka, cheti, daftari, mlango. Simu aiache mfukoni. Mteja akikutwa kifua wazi apewe shuka ajifunike kwanza ndo aulizwe, hata kama mahali penyewe pabaya, hii wala haihitaji sheria, ni heshima tu tuliyolelewa nayo wote.

Na nyie wa utalii nina neno dogo tu. Wageni wanashuka Lushoto wametembea milima siku tatu, miguu imekufa, wanauliza wapi pa kukandwa. Hoteli zinachukua watu kutoka Unguja na Mombasa kwa sababu hapa hawajui nani amesomea na nani hajasomea, hakuna cha kuwaonyesha. Chemchemi za maji moto ya salfa pale Galanos zipo hapo tu njia ya Amboni, mtu akitoka kwenye maji yale ya moto ndo msuli umelegea wenyewe, hapo pangekuwa na wakandaji wenye vyeti ungeona. Tunasema waja leo waondoka leo halafu hatuwapi sababu ya kulala.

Mimi mwenyewe dole gumba la kulia limeanza kuuma, ndo ugonjwa wetu huu, siku hizi natumia zaidi kiwiko. Nina binti mmoja namfundisha, mwepesi, mikono yake imetulia, anauliza kabla ya kugusa. Mama yake aliona ile video. Akanifuata, akasema dada mimi nakuamini ila mwanangu ataolewa na nani akijulikana anafanya kazi hii. Sikuwa na jibu. Anakuja bado, lakini anasema nyumbani kwamba anajifunza kushona.

Yule mzee wa reli hajarudi chumbani kwangu. Namfuata mimi kwake siku za Jumapili, tunakaa barazani mlango wazi, wajukuu wamejipanga wanatazama bibi yao anasuka ukili, na mzee hahesabu tena kwa sauti. Bega limepanda mpaka usawa wa sikio, bado kidogo.

Leseni yangu inaisha mwezi ujao tarehe kumi na nne. Nitakuja na ada yangu mkononi kama kila mwaka, nitakaa kwenye benchi, nitaitwa. Ile sehemu ya aina ya biashara, naomba mniambie mapema nikaandike nini.

Wenu mtiifu,
Mkanda watu, Ngamiani, Tanga